Kumchagulia Mtu Riwaya ya Vita vya Anga

"Fundi, hicho cha roketi kinahusu nini?" Swali hili huulizwa na watu waliokuja kuziba pancha. Kibanda changu kipo Ngamiani, hapa Tanga, na nyuma ya boksi la spoki nina rafu ya vitabu thelathini na kitu, karibu vyote vya mitumba, nilivyookota kimoja kimoja. Siviuzi, naazimisha. Nusu ya rafu ni riwaya za askari wa siku zijazo: vikosi vinavyoshushwa kwenye sayari ngeni, manowari zinazopigana baina ya nyota. Ukimpa mtu kitabu cha kwanza kisichomfaa katika aina hii, hakigusi kingine maisha yake yote. Nimeshapoteza wasomaji hivyo, ndiyo maana naandika haya.

Usianze kwa kusifu kitabu. Muulize mtu kwanza: nyumbani kwenu ulisimuliwa vita gani? Mwenye baba aliyekwenda Kagera hatafuti kile anachotafuta kijana aliyekulia kwenye banda la gemu. Halafu muulize kitabu cha mwisho alikiachia wapi. Watu huona haya kujibu, basi tangulia wewe kumtajia ulivyovitupa. Aliyeacha kwa sababu majina ya sayari yalimchanganya ni mgonjwa mmoja, na aliyeacha kwa sababu kufikia ukurasa wa mia hapajalia hata risasi ni mgonjwa mwingine. Dawa zao ni mbali mbali.

Kisha mpe muda wa gundi. Ukishapiga msasa tyubu na kupaka gundi, hubandiki kiraka papo hapo. Unangoja ikauke mpaka ukiigusa haikamati kidole. Kwa hewa yetu ya baharini inaweza kufika dakika kumi. Hapo ndipo namkabidhi mteja kitabu, kikiwa kimefunguliwa ukurasa wa kwanza, jalada limeangalia chini, maana majalada ya vitabu hivi ni waongo wakubwa. Akiinua kichwa kuuliza "bado tu?", nakichukua, sibishani naye. Nikisema "tayari" akanijibu "ngoja kidogo", nafungua daftari namwandika jina.

Kosa langu kubwa nililifanya kwa mzee mmoja, askari mstaafu, jirani yangu. Nikajisemea, askari mpe cha askari. Nikampa Starship Troopers cha Robert Heinlein, cha mwaka 1959. Kijana anaingia depo, anasagwa na afande, anavishwa gwanda la chuma linalomrusha kama panzi, anakwenda kupigana na viumbe mfano wa wadudu. Katikati kuna mihadhara mirefu darasani kuhusu nani anastahili kupiga kura. Wiki haikuisha, mzee akakirudisha. "Mwanangu," akaniambia, "huyu anaisifu vita kama mtu anayesifu harusi asiyochangia."

Sikumbishia. Heinlein alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani, lakini alistaafishwa mwaka 1934 kwa sababu ya kifua kikuu, bila kupigana vita hata moja. Depo yake imeandikwa na mtu anayeijua kwata. Mapigano yameandikwa na mtu aliyeyawaza.

Nikampa The Forever War cha Joe Haldeman, cha 1974. Haldeman alisomea fizikia, akapelekwa Vietnam, akajeruhiwa huko. Askari wake, Mandella, naye ni mwanafunzi wa fizikia aliyechukuliwa kwa lazima. Hapa lazima umfungulie msomaji jambo moja kabla hajaondoka nacho, la sivyo atapotea: chombo kikikaribia kasi ya mwanga, saa ya waliomo huenda polepole kuliko saa ya waliobaki nyumbani. Mimi husema hivi: ni kama umekwenda Pemba kwa jahazi, siku mbili tu, ukarudi ukakuta mdogo wako ana wajukuu. Mandella anahesabu miaka miwili ya utumishi. Duniani imepita zaidi ya ishirini, mama yake kazeeka, lugha ya mtaani haielewi, kazi hakuna. Mwisho anarudi jeshini kwa sababu ndiko pekee anakojulikana.

Mzee alikaa nacho karibu mwezi. Alipokuja hakusema kizuri wala kibaya. Alikaa juu ya kreti la soda, akanisimulia jinsi alivyoshuka kwenye lori mwaka 1979, akapita mbele ya nyumba yao mara mbili asigonge. Nilikuwa nanyoosha rimu, nikaacha.

Kwa hiyo vitabu hivyo viwili naviazimisha kama pea, hasa kwa vijana: Heinlein kwanza, Haldeman baadaye. Ukigeuza, kile cha kwanza kinasomeka kama tangazo la kuandikisha kuruta. Kwa mtu aliyetoka vitani kweli, ruka moja kwa moja kwenye cha pili.

Anayeogopa Kiingereza kigumu, mpe Old Man's War cha John Scalzi, cha 2005. Sentensi fupi, mazungumzo mengi, utani. Jeshi lake linaandikisha watu wakifika miaka 75, linawapa miili mipya ya kijani, kwa sharti kwamba duniani hawarudi tena. Mwalimu mmoja mstaafu anayenunua mkate wa ajemi kibanda cha pili alicheka peke yake barabarani: "Miaka sabini na tano, bado mtu anaitwa kuruta!" Wanafunzi wa sekondari nawapa Ender's Game cha Orson Scott Card: mtoto wa miaka sita anapelekwa shule ya vita huko angani. Hawakiachi.

Dune cha Frank Herbert, kile kinene cha sayari ya jangwa, sikitoi tena. Nilimpa dereva wa bajaji. Hajarudi yeye wala kitabu.

Kuna kimoja ambacho Waswahili tuna bahati nacho, na ningependa wanaoazimisha wenzangu wakijue. Ni Ancillary Justice cha Ann Leckie, cha 2013, kilichozoa tuzo za Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke, tuzo kubwa za vitabu vya aina hii. Msimulizi alikuwa akili ya manowari, iliyokuwa ikiendesha maelfu ya miili ya askari kwa wakati mmoja. Sasa kabakiwa na mwili mmoja, na kisasi. Lugha ya dola yake haitofautishi mwanamume na mwanamke, hivyo mwandishi anamwita kila mtu kwa kiwakilishi cha kike, "she". Wasomaji wa Kiingereza wengi huchanganyikiwa hapo. Sisi je? "Yeye" wetu ana jinsia gani? Ukimwambia mtu aliyeshindwa, "soma kama unavyosema alikuja, alikaa, aliondoka", ugumu huo unayeyuka. Mimi sura ya kwanza humsimulia mtu kwa Kiswahili huku nasukuma pampu, halafu namwachia aendelee mwenyewe.

Mwenyeji wa Tanga asiyependa kabisa mambo ya roketi, mpitishie kwa nyuki. Mnamo Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari wapatao 8,000 waliotoka India, wakakutana na jeshi la Wajerumani la kama 1,000, na nyuki waliochokozwa na risasi wakauma pande zote mbili. Waingereza wakarudi melini wakaacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Mkumbushe hayo, kisha mpe The War of the Worlds cha H. G. Wells, cha 1898, ambamo viumbe wa Mirihi wanatua Uingereza na mashine ambazo mizinga haiziwezi kirahisi. Kinachowashinda usimwambie. Mjukuu wa mji huu ataanza kukihisi mapema.

Na asiyesoma Kiingereza kabisa usimfukuze. Mpe Kusadikika cha Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, si mbali na hapa. Ni cha 1951, na Kusadikika yenyewe ni nchi inayoelea angani, ikatuma wajumbe pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo, na kila aliyerudi na habari akafungwa. Bunduki hamna humo. Ila mtu aliyeimaliza huja kuuliza kama kuna nyingine za nchi zisizo duniani, na hapo umeshampata.

Tarehe ya kurudisha siandiki daftarini. Naandika ukurasa aliofikia, na tukikutana nauliza huo tu. Mzee kachukua cha Leckie wiki iliyopita, kakifunga kwa gazeti nyuma ya baiskeli. Jana alipita hapa bila kusimama. Kapiga kengele mara moja, kaninyooshea vidole vinne. Sura ya nne.