Darubini ya kwanza kwa msimu wa uwindaji, kwa mwenye pesa ndogo

Anayeanza kazi kwenye kitalu cha uwindaji, awe msaidizi wa mwindaji bingwa au mfuata nyayo, anahitaji kifaa kimoja tu cha kutazamia: darubini ya macho mawili. Darubini ya bunduki ni shauri la mwenye bunduki. Ile ndefu ya miguu mitatu nayo isubiri. Pesa yote iende kwenye hiyo moja, ukibakiza ya mkanda mpana na kitambaa cha lenzi.

Msimu unaanza Julai, kwa hiyo tafuta mapema, kabla hujabaki na siku mbili za kuzunguka madukani Arusha na kubeba chochote kilichopo.

Anza na namba. Darubini ya 8x42 inakuza mara 8, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42. Wanunuzi wengi hukimbilia namba ya kwanza, na hapo ndipo wanapoliwa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5.25, na hizo ndizo milimita za mwanga unaotoka kwenda kwenye mboni ya jicho. Ile ndogo ya mfukoni, 10x25, inatoa 2.5. Saa 6 mchana zote mbili zinafaa, maana mboni yenyewe imebana hadi milimita 2 au 3. Lakini chui haji kwenye chambo saa 6 mchana. Huku kwetu jua likishazama nusu saa haipiti kabla ya giza, na katika nusu saa hiyo 10x25 inakuonyesha kivuli wakati 8x42 bado inakuonyesha madoa.

Ile ya 60x60 inayotembezwa mitaani, imeandikwa kwamba inaona usiku na mchana, ipigie hesabu hiyohiyo: milimita 1. Ingekuwa kweli, jua likishazama isingeona kitu. Namba hizo ni za kubandika tu. Za kuvuta na kurudisha, zinazodai kukuza mara 10 hadi 30, ziache pia. Ukivuta, eneo unaloliona linakuwa dogo, picha inafifia, na mkono unatetemeka nayo.

Kwa anayetembea kwa miguu nashauri 8x42. Ya 10x42 ina nafasi yake kwenye mbuga ya wazi, ila baada ya kupanda kilima huku unahema, picha inacheza. Halafu mchana ardhi ikichemka, ukuzaji mkubwa unakuza pia ule mtetemo wa hewa ya moto.

Usisahau unatazama nini. Kanuni za Tanzania zinataka simba dume wa kuwindwa awe na miaka 6 au zaidi, na dalili mojawapo ya umri ni pua: ya kijana ni ya waridi, ya mzee imeingia weusi. Kwa mbogo unatazama shina la pembe juu ya paji, kama limekuwa gumu na kufunga katikati au bado ni laini lenye manyoya. Hayo hayaonekani kwa kukuza peke yake. Yanataka picha safi.

Kwa pesa ndogo, darubini ya umbo la poro, yaani ile yenye mabega mapana, mara nyingi hutoa picha safi kuliko ya mirija iliyonyooka ya bei ileile, kwa sababu prizimu zake, yaani vioo vya ndani vinavyogeuza picha, ni rahisi kutengeneza vizuri. Ubaya wake ni uzito, na nyingi hazizuii maji. Nikon Aculon A211 ni mfano wa aina hiyo. Ukiongeza pesa, Vortex Crossfire HD au Nikon Prostaff P7 ni za mirija iliyonyooka na hazipitishi maji wala vumbi.

Dukani, usinunue kabla hujatoka nayo mlangoni. Ishike mbali na uso, lenzi kubwa zikielekea mwangani: viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za machoni viwe mviringo kamili. Vikiwa na kingo za kijivu zilizokatika kama mraba, prizimu ni za bei rahisi. Tazama taa inavyoakisi kwenye lenzi. Rangi ya kijani au zambarau iliyofifia ni nzuri, nyeupe kali maana yake haina mpako wa kutosha wa kuzuia mwakisi, nyekundu kama kioo cha pambo iache. Kisha mtafute kunguru kwenye waya wa umeme. Akizungukwa na utepe mnene wa zambarau, rudisha.

Kuiweka sawa: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi ubao wa duka la ng'ambo usomeke. Funga la kushoto, zungusha pete ya jicho la kulia hadi usomeke vilevile. Baada ya hapo pete haiguswi tena. Ukitazama dakika tano kichwa kikauma au ubao ukawa miwili, mirija haiko sambamba, na fundi wa mtaani hairekebishi. Mwenye miwani aulize nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na lenzi ambao bado unaonyesha picha nzima: milimita 15 au zaidi.

Ya mtumba inaweza kuwa bahati, hasa aliyoiacha mgeni. Mulika tochi kutoka upande wa lenzi kubwa. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na ikishakula mpako haitoki.

Porini, vumbi lipulize kwanza, ndipo ufute. Ukifuta na shati unasugua lenzi kwa mchanga. Wakati wa masika, hasa Moshi kwenye unyevu wa mlimani, usiifungie kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya chembe za silika, za kunyonya unyevu, vinavyokuja kwenye viatu vipya, na uvikaushe vikishalowa.