Wali wa buku mbili: namna ya kuagiza mpaka ushibe

Natengeneza simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na chakula changu cha mchana ni wali wa mama ntilie, siku sita kwa wiki. Kwa mwaka nakaribia sahani 300. Hela zilizopotea kwenye sahani 100 za mwanzo ndizo zilizonifundisha haya.

Kwanza, wali wenyewe usiugombanie. Mama wengi wanaupima kwa bakuli: anajaza, anashindilia kidogo kwa mgongo wa upawa, anafudikiza kwenye sahani, unatoka umesimama kama kichuguu. Bakuli lile ndilo hesabu yake ya kilo za mchele. Ukimwambia aongeze anaona unamlia mtaji, na hata akiongeza atakulipizia kwenye nyama. Nyama nayo inahesabiwa: finyango tatu, nne siku akiamka vizuri. Visivyohesabiwa ni maharage, rojo, mboga za majani na kachumbari. Hapo ndipo pa kubembelezea.

Maharage yanatuama, mchuzi unabaki juu. Mama mwenye foleni ya watu kumi anachota juujuu, unaletewa sahani yenye punje saba zinaogelea. Mimi husimama karibu na sufuria na kuwahi kusema kabla upawa haujazama: "Mama, nitolee ya chini." Ukishamiminiwa ndipo ulalamike, umechelewa, atakuongezea mchuzi mwingine tu. Na kama siku hiyo huna haraka, maharage yasubiri mpaka saa nane. Saa sita bado mepesi. Saa nane sufuria limeshuka, tui limekolea, kilichobaki ni kizito kinachoshika wali.

Samaki ni kinyume chake. Saa sita unachagua, saa nane unapewa mkia. Ila samaki usimwagize kwa jina tu. Mwaka wangu wa kwanza mjini niliona kibua mmoja mnene amekaangwa vizuri, nikasema nipe wali samaki, nikakaa, nikala mpaka mifupa. Kumbe wali samaki wa buku mbili jero ni wale wadogo wa upande wa pili wa sinia. Yule nilikuwa nimemla kwa 5,000, na mfukoni nilikuwa na 3,000. Niliacha saa yangu ya mkononi kwenye meza ya vyombo mpaka jioni, wateja wote wanaangalia. Tangu siku hiyo namwonyesha samaki kwa kidole, nauliza "huyu shilingi ngapi?", halafu ndio nakaa.

Kijiweni kwetu wali maharage ni 1,500 na wali nyama 2,500. Maana yake finyango tatu unazinunua buku nzima, na moja kati yake mara nyingi ni mfupa. Siku nikiwa sina kitu naagiza wali maharage, kisha naomba anidondoshee rojo la nyama juu. Rojo ndilo lenye vitunguu, nyanya na mafuta ya nyama, na sijamwona mama anayelitoza mteja wa kila siku. Siku nikiwa nazo tunaungana na jirani yangu anayeuza kava za simu: yeye anaagiza wali nyama, mimi wali maharage, tunaweka sahani katikati. Kila mmoja anatoa 2,000 na anakula mboga zote. Mtihani ni kwamba jirani ana kasi. Finyango mgawane kabla hamjaanza.

Majani ukiulizwa "mchicha au kisamvu?", jibu ni "changanya." Hapana mama aliyewahi kunikatalia.

Kabla hujakaa mahali pageni, tazama sahani za waliokwisha kuanza kula. Wali ukiwa umeshikana mabonge, hapo kuna chenga nyingi au mchele mpya uliozidiwa maji, na bokoboko la namna hiyo saa kumi unasikia njaa tena. Ukiona punje zimeachana na harufu inakufikia ulipo, kaa hata kama ni ghali kwa mia tano.

Kufungiwa ndiko kunakoliza wengi. Kile kiboksi kinauzwa, na ni kidogo kuliko sahani, kwa hiyo unalipa zaidi na unakula pungufu. Nilinunua bakuli la plastiki lenye mfuniko, kubwa kupita mahitaji yangu. Nikimtuma kijana wa ofisini nalo, mama anaweka kipimo chake kama kawaida, anaona bakuli bado linapwaya, anaona aibu, anaongeza upawa wa maharage. Bakuli kubwa linaomba lenyewe, wewe huna haja ya kufungua mdomo.

Chenji nayo ni sehemu ya bei. Saa saba mchana ukitoa noti ya 10,000 utarudishiwa noti tu, kwa jero lililobaki utaambiwa "pitia baadaye mwanangu", na linalala huko. Nenda na hela kamili. Ikishindikana, usidai chenji, igeuze chakula palepale: "Basi mama, ile mia tano nipe ndizi na matembele." Anafurahi kuliko kutafuta sarafu.

Ijumaa kuna pilau, na huko mbinu nyingi hazifanyi kazi kwa kuwa nyama imeshachanganywa, unapata ulichoandikiwa. Wahi tu, kachumbari isije ikaisha.

Kuna kitu kimoja hakimo kwenye bei. Ukiwa mtu wa kusalimia, humkatii foleni na daftari lake la madeni halina jina lako, nenda Jumamosi kwenye saa tisa anapokwangua masufuria. Mama wetu huniita toka ng'ambo ya barabara, "Fundi, njoo!", ananipa ukoko wa wali wa nazi kwenye kifuniko cha sufuria, umekauka rangi ya kahawia, umepakwa rojo la mwisho. Sijawahi kuulipia. Simu yake nimeshambadilishia kioo mara mbili, kwa hela ya kioo tu.