Pima damu, tibu kwa mkupuo: E-MOTIVE hatua kwa hatua kwa wakunga wa leba

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti ambao kila mkunga wa Afrika Mashariki anapaswa kuujua kwa jina: E-MOTIVE, unaohusu kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua (PPH). Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali ziligawanywa kwa bahati nasibu, nusu zikaendelea na utaratibu wake wa siku zote na nusu zikafundishwa utaratibu mpya. Watafiti walihesabu akina mama waliopoteza damu lita 1 au zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au waliofariki kwa kutokwa damu. Kwenye utaratibu wa zamani walikuwa asilimia 4.3. Kwenye utaratibu mpya walikuwa asilimia 1.6.

Na dawa zote tulikuwa nazo. Oksitosini ya kukaza mji wa mimba ipo, dripu ipo, asidi ya traneksamiki, hiyo TXA yetu ya kuzuia damu kuendelea kutoka, Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye mapendekezo yake tangu 2017. Kilichobadilika ni mambo mawili. Damu ilipimwa badala ya kukadiriwa kwa macho, na matibabu yote yalitolewa kwa mkupuo badala ya kujaribu moja, kungoja, kisha kujaribu jingine.

Ninawaandikia wauguzi, wakunga na matabibu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, watu ambao usiku mmoja wanaweza kuwa na akina mama wanne leba na wahudumu wawili tu. Dozi nilizoandika ni zile za utafiti na za Shirika la Afya Duniani. Kama mwongozo wa wizara yako unasema tofauti, fuata wa wizara.

Hatua ya 1: Andaa vifaa kabla zamu haijachangamka

Dakika nyingi hupotea kwenye kutafuta. Funguo za kabati la dawa anazo mtu mwingine, kanula za namba kubwa zimeisha, oksitosini iko kwenye friji ya chumba cha tatu. Kwa hiyo tenga toroli moja, au kama hakuna toroli, boksi la plastiki lenye mfuniko, na ndani yake weka kila kitu cha kumtibu mama mmoja: kanula mbili za saizi kubwa, seti za dripu, chupa za maji, TXA, sirinji, katheta ya mkojo, glavu ndefu, shashi, vifaa vya kushonea na taa ya kumulikia. Misoprostoli, dawa nyingine ya kukaza mji wa mimba, iwepo pia. Oksitosini ibaki kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kwenye boksi bandika karatasi inayosema ilipo. Oksitosini iliyokaa dirishani wiki nzima usiitegemee.

Kabetosini isiyoharibiwa na joto, nayo dawa ya kukaza mji wa mimba, ni jambo jingine. Utafiti wa 2018 uliohusisha karibu wanawake 30,000, Kenya na Uganda zikiwemo, uliipima katika kuzuia PPH. Kama mnayo, ichomwe pale mtoto anapozaliwa. Usiiweke kwenye boksi la matibabu ukadhani inachukua nafasi ya oksitosini.

Kuna onyo moja ambalo nalirudia kila ninapofundisha. Ampuli za TXA zisikae droo moja na dawa za ganzi ya uti wa mgongo. Baadhi zinafanana sana, na Shirika la Afya Duniani limeshatoa tahadhari kuhusu wagonjwa waliochomwa TXA mgongoni kimakosa. Kosa hilo huua. Weka TXA leba, mbali na meza ya ganzi, na soma lebo kwa sauti kabla ya kuvuta dawa.

Hatua ya 2: Tandika shuka la kupimia mara mtoto anapotoka

Shuka hili ni la plastiki, na upande wa chini lina mfuko wenye mistari ya mililita. Mstari wa 300 ni wa tahadhari, wa 500 ni wa kuchukua hatua. Lipitishe chini ya makalio ya mama mtoto akishazaliwa, si kabla, ili maji ya uzazi yasiingie na kukupa namba ya uongo. Mfuko uning'inie ukingoni mwa kitanda ili damu ishuke yenyewe. Mweleze mama kwa nini unafanya hivyo: "Mama, hiki ni cha kupimia damu, kikae saa moja." Akielewa hatajigeuzageuza, na mara nyingi yeye ndiye atakuwa wa kwanza kukwambia anahisi damu inashuka.

Kwa nini nasisitiza kupima? Angalia damu inakokwenda siku zote. Kanga mbili zimelowa. Nyingine imeingia kwenye beseni lenye mkojo na maji ya uzazi. Shashi zimerundikana pembeni, na kiasi fulani kimepita kando ya mpira kikanywewa na godoro. Ukiulizwa ni kiasi gani, mkono unaandika 250, kwa sababu ndiyo namba iliyozoeleka kwenye mafaili. Katika hospitali za utaratibu wa zamani, PPH iliyogunduliwa ilikuwa asilimia 51 tu ya ile iliyokuwepo. Penye shuka la kupimia, waligundua asilimia 93. Yaani, kwa utaratibu wa zamani, karibu nusu ya akina mama waliokuwa wanavuja walikuwa mbele ya macho ya wahudumu na hawakuonekana.

Kama shuka hazijafika kituoni kwako, pima kwa mizani. Pima kanga na pedi zikiwa kavu, zipime tena zikiwa na damu, toa uzito wa mwanzo. Gramu 1 ihesabu kama mililita 1. Ni kazi zaidi, na haikuonyeshi damu papo hapo, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukisia.

Hatua ya 3: Kila dakika 15, kwa saa nzima

Saa ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa mama asiachwe. Kila dakika 15 angalia vitu vitano: damu iliyomo mfukoni, jinsi inavyotoka (inachuruzika, inamwagika, ina mabonge?), ugumu wa mji wa mimba, presha, na mapigo ya moyo. Andika papo hapo, na saa uiandike pia. Karatasi ibanwe kwenye kitanda, isikae ofisini.

Najua mtakachosema: watu ni wachache. Ni kweli, na hilo ni la serikali kulijibu. Lakini mzunguko mmoja hauchukui muda mrefu, na mama akishaanza kuvuja atawachukua nyote zamu nzima. Kama mko wawili, gawaneni vitanda, na simu iwekwe ilie kila dakika 15.

Hatua ya 4: Jua ni lini unaanza

Anza matibabu damu ikifika 500, hata kama mama anatabasamu na kuongea na ndugu zake. Anza pia ikifika 300 kama kuna dalili nyingine mbaya: mapigo zaidi ya 100, presha ya juu chini ya 100, presha ya chini chini ya 60, au mapigo kuipita presha ya juu. Hiyo ya mwisho ni rahisi kuikagua kichwani. Mapigo 112 na presha 104 kwa 70, namba ya kwanza imeizidi ya pili, basi usingoje mstari wa 500. Mwongozo wa kimataifa wa 2025 umeingiza kigezo hiki cha 300 waziwazi, nacho ni muhimu kwa akina mama wetu wengi wanaoingia leba wakiwa na upungufu wa damu. Mwenye hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya 7 hana damu ya akiba ya kupoteza.

Hatua ya 5: Mkupuo mmoja, ndani ya dakika 15

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo. Ita msaada kwa sauti: "PPH kitanda cha pili, lete boksi!" Hii si ya kunong'ona. Yafuatayo yafanyike kwa pamoja, kila mtu na lake.

Mmoja anakanda mji wa mimba kwa dakika moja au hadi uwe mgumu, na papo hapo anatoa mabonge. Hii inafanyika ikiwa kondo la nyuma limeshatoka. Kama bado limo, lina taratibu zake za kulitoa, lakini dawa zisilingoje.

Mwingine anafungua mshipa na kuanza oksitosini: yuniti 10 kwenye maji ya mililita 200 hadi 500, ziingie ndani ya dakika 10, kisha yuniti 20 kwenye lita 1 kwa saa 4. Usisukume oksitosini kwa kasi mshipani, maana presha inaweza kuporomoka kwa mtu ambaye tayari amepungukiwa damu.

Kisha TXA, gramu 1. Ampuli nyingi zina miligramu 500 ndani ya mililita 5, kwa hiyo vuta mbili upate mililita 10, uichome mshipani polepole, mililita 1 kwa dakika. Dakika 10 za kushika sirinji ni ndefu mtu anapovuja, na kishawishi cha kuisukuma yote ni kikubwa. Tazama saa ya ukutani, usitegemee hisia. Ikiwa damu haijasimama baada ya dakika 30, au ikirudi ndani ya saa 24, rudia dozi hiyo mara moja tu. TXA ianze ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe. Utafiti wa WOMAN wa 2017, uliokuwa na wanawake 20,060 kutoka nchi 21, ulionyesha inapunguza vifo vitokanavyo na damu, hasa ikiwahi, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Ndiyo maana haiwekwi akiba ya "tukishindwa na oksitosini". Inakwenda pamoja nayo.

Maji ya dripu kwa ajili ya kuinua presha yapite kwenye mshipa wa pili, kwa kadiri hali ya mama inavyodai.

Na uchunguzi: toa mkojo, kagua kondo la nyuma kama limekamilika, mulika mlango wa kizazi, uke na msamba utafute michaniko. Mji wa mimba ukiwa mgumu kama ngumi na damu bado inatoka, shuku mchaniko. Hapa watu hurudi kukanda tu, wakati chanzo kiko chini.

Katika utafiti, mkupuo huu ulitolewa kwa asilimia 91 ya waliouhitaji kwenye utaratibu mpya, dhidi ya asilimia 19 kwenye wa zamani.

Hatua ya 6: Isiposimama, usibaki naye peke yako

Ukimaliza uchunguzi na damu bado inakuja, au hujaona inatoka wapi, mwite mkubwa wako au anza rufaa wakati huohuo. Kwa Tanzania, namba ya usafiri wa dharura ya M-mama ni 115. Wakati mnangoja: kubana mji wa mimba kwa mikono miwili, kubana mshipa mkuu tumboni, vazi la kuzuia mshtuko kama lipo, puto la kondomu kwa aliyefundishwa. Ndugu waitwe mapema kwa ajili ya damu. Mama asisafirishwe bila mhudumu, na karatasi yake ya saa na dozi iende naye, la sivyo atakakofika wataanza kukisia upya.

Hatua ya 7: Fanyeni mazoezi mafupi, mara kwa mara

Semina ya siku tatu hotelini haitoshi. Mpango wa Safer Births, uliotoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara na kufika vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania, ulijengwa juu ya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Nanyi mnaweza. Teueni kinara mmoja wa wodi, si lazima awe mkubwa kwa cheo. Kila wiki, kabla ya kukabidhiana zamu, mmoja alale kitandani kama mama, mtie maji mekundu kwenye shuka hadi 500, mwingine aite, na saa ianze. Mfikie mwisho wa TXA. Asiyejua boksi lilipo atajulikana hapo, bila mama yeyote kuumia.

Kila mwezi bandikeni ukutani namba tatu: waliojifungua, waliopata PPH, na waliopata mkupuo kamili. Kama namba ya pili ni sifuri na mmezalisha mamia, msishangilie. Kagueni kama kweli mnapima.

Mipaka ya ushahidi

E-MOTIVE ulihusu kujifungua kwa kawaida. Usiuhamishie moja kwa moja kwa aliyefanyiwa upasuaji. Tofauti kubwa ilionekana kwenye damu ya lita 1 na zaidi; kwa vifo peke yake, idadi ilikuwa ndogo mno kuthibitisha tofauti. Halafu kuna swali ninaloulizwa sana: kwa nini tusimchome TXA kila mama mwenye upungufu wa damu kabla hajaanza kuvuja? Lilipimwa. WOMAN-2, utafiti wa Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia uliotolewa 2023, uliwachoma akina mama wenye upungufu wa damu mara baada ya kujifungua, na PPH haikupungua. TXA ni ya kutibu anayevuja. Kwa mwenye upungufu wa damu, kazi inaanzia kliniki, kwenye vidonge vya madini ya chuma na kipimo cha hemoglobini kabla ya wiki za mwisho, na akifika leba andika namba yake ya hemoglobini kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi ya dakika 15.