Samaki wa kupaka apakwe, asimwagiwe

Wageni wangu wa Nairobi wakishuka Mombasa, la kwanza huniuliza ni mkahawa gani watapata samaki wa kupaka. Mwaka jana niliwapeleka mmoja. Samaki alikaangwa mpaka akakauka, kisha akamwagiwa mchuzi wa nazi. Niliumia, maana jina lenyewe limeshataja kazi: kupaka. Siku hizi nawapikia nyumbani.

Chukua changu au tafi mzima wa kama kilo moja. Mpare magamba, mtoe matumbo, mchanje pande zote mbili mpaka karibu na mfupa. Ponda kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi, tia chumvi na ndimu, umsugue mpaka ndani ya michanjo. Mwache nusu saa.

Nazi ziwe mbili, ukune mwenyewe kwa mbuzi. Tui la pakti halina utamu ule, na hapo ndipo mikahawa mingi inapoanguka. Kamua kwa maji ya vuguvugu machache upate tui zito. Lile jepesi la pili weka upikie wali. Bandika tui zito kwa moto mdogo pamoja na bizari ya manjano, kitunguu saumu, pilipili, chumvi, na ukwaju ulioroweka ukauchuja. Koroga bila kuondoka. Ukienda kupokea simu litakatika, mafuta yajitenge, na halirudi tena. Likishika mwiko, epua.

Makaa yangoje mpaka yavae jivu jeupe. Moto wenye ndimi hubabua ngozi na nyama ikabaki mbichi. Choma samaki mpaka akaribie kuiva, ndipo uanze: paka tui kwa kijiko, ngoja likauke na kushika rangi, geuza, paka upande wa pili. Rudia mara nne au tano kila upande. Usiharakishe hapa, kwa sababu kila tabaka linaingia kwenye michanjo na kukutana na moshi. Mkahawa wenye meza ishirini zinazosubiri hauwezi kumsimamia samaki mmoja hivyo, na wapishi wake siwalaumu.

Mkate wa mofa, lakini, nanunua. Sina tanuri la udongo, na mofa ya kikaangoni nimeijaribu mara tatu, haikuwa mofa. Inunue jioni ingali moto, uje nayo mbio, tui lililobaki ulitie bakulini kwa kuchovya.