Jinsi ya kujifunza mifumo ya udhibiti ya mstari kwa kutumia mota moja

Mwanafunzi wa uhandisi anayeingia katika kozi ya kwanza ya mifumo ya udhibiti hukutana kwa mkupuo na tansifomu ya Laplace, michoro ya maboksi, jaribio la Routh, njia ya mizizi, pamoja na michoro ya Bode na ya Nyquist. Kila zana huja na mazoezi yake, na wengi humaliza muhula wakiwa na uwezo wa kukokotoa zote bila kujua zinahusiana vipi. Ninapendekeza uchukue mfumo mmoja mdogo na kuupitisha katika kila zana inapofundishwa, kwa kuwa karibu zote zinajibu swali lilelile: mrejesho (kipimo kinachorudi kwa kidhibiti) unapochelewa, kidhibiti kinaweza kusukuma kwa nguvu kiasi gani kabla mfumo haujaanza kuyumba?

Mfumo unaofaa ni mota ndogo ya umeme wa DC ambayo tunataka mhimili wake usimame kwenye pembe tunayoiamuru. Anza kwa kuipima. Ipe volti 1, subiri kasi itulie, kisha uandike namba mbili: kasi ya mwisho, na muda uliopita hadi mota ilipofikia asilimia 63 ya kasi hiyo. Tuseme namba hizo ni radiani 2 kwa sekunde na sekunde 0.5. Uhusiano kati ya volti na kasi utakuwa 2/(0.5s + 1), ambapo s ni kigezo cha tansifomu ya Laplace, na kwa kuwa pembe ni jumla ya kasi kadiri muda unavyokwenda, tunazidisha kwa 1/s na kupata 4/(s(s + 2)). Laplace unayoihitaji kwa kazi hii ni ndogo mno: ujue kwamba kuzidisha kwa s ni kutafuta kasi ya badiliko, na kugawanya kwa s ni kujumlisha. Majedwali marefu ya tansifomu yanaweza kusubiri.

Kabla ya kuendelea, rudia kipimo kwa volti 2 na volti 4. Kasi ikiongezeka maradufu kila volti inapoongezeka maradufu, una haki ya kuuita mfumo huu wa mstari. Kwa volti ndogo sana mota haitazunguka kabisa kwa sababu ya msuguano, na hapo nadharia yote inayofuata haina kazi. Ni vizuri kuujua mpaka huo mapema.

Sasa funga kitanzi. Kidhibiti kinapima tofauti kati ya pembe iliyoamriwa na pembe iliyopo, kinaizidisha kwa Kp, yaani namba ya ukuzaji tunayoichagua, na kuipa mota volti hizo. Mlinganyo bainishi wa kitanzi, ambao mizizi yake huamua mwenendo wa mhimili, ni s² + 2s + 4Kp = 0, na hapa inafaa utulie ukokotoe kwa mkono. Kwa Kp = 0.25 mizizi yote miwili iko kwenye −1, na mhimili unafika polepole, kwa kama sekunde 6, bila kupitiliza. Kwa Kp = 1 mizizi inakuwa namba changamano, uwiano wa ufifishaji (kipimo cha jinsi myumbo unavyozimwa) ni 0.5, na mhimili unapitiliza kwa takribani asilimia 16 kabla ya kutulia katika sekunde 4 hivi. Kwa Kp = 4 uwiano unashuka hadi 0.25 na kupitiliza kunafika asilimia 44. Muda wa kutulia, hata hivyo, unabaki sekunde 4 zilezile, kwa sababu sehemu halisi ya mizizi haijasogea kutoka −1. Kuongeza nguvu kumefanya mhimili uwahi kufika na uyumbe zaidi, lakini haujatulia mapema hata kidogo. Ukiichora mizizi hii kwenye bapa la namba changamano huku Kp ikipanda, umechora njia ya mizizi ambayo Walter Evans aliieleza mwaka 1948. Kanuni zake za uchoraji zijue kwa kiasi cha kukagua kile ambacho kompyuta imekuchorea. Sioni faida ya kuzikariri.

Kwa hesabu hii Kp ingeweza kupanda bila kikomo na mfumo usipoteze uthabiti, jambo ambalo yeyote aliyewahi kugusa mota halisi atalikataa. Kilichokosekana ni ucheleweshaji. Weka kihisi cha pembe chenye tabia ya 10/(s + 10), yaani kinachochelewa kwa kiwango cha sekunde 0.1 tu. Mlinganyo unageuka kuwa s³ + 12s² + 20s + 40Kp = 0. Jaribio la Routh, linalokagua uthabiti kutokana na vizidishi vya mlinganyo bila kutafuta mizizi, linasema kwamba mfumo utakuwa thabiti ikiwa 12 × 20 ni kubwa kuliko 40Kp, kwa hiyo kikomo ni Kp = 6. Hapo hasa mhimili utayumba bila kukoma, kwa mzunguko mmoja kila sekunde 1.4. James Clerk Maxwell alilikabili swali la namna hii mwaka 1868 alipochunguza vidhibiti-mwendo vya mashine, na Routh alilipatia jibu la jumla katika muongo uliofuata.

Routh anakuambia kama mfumo ni thabiti, ila hakuambii umebakiwa na akiba kiasi gani. Kwa hilo tumia mchoro wa Bode, unaoonyesha ukuzaji na fezi (ucheleweshaji wa wimbi kwa digrii) kwa kila masafa. Kwa Kp = 4 bila ucheleweshaji wa kihisi, ukuzaji wa kitanzi unafika 1 kwenye radiani 3.8 kwa sekunde, na akiba ya fezi, yaani digrii zilizobaki kabla ya kufika −180, ni digrii 28. Ukirudisha kihisi, akiba inabaki digrii 9 tu. Mfumo bado ni thabiti kwa mujibu wa Routh, lakini unachukua kama sekunde 15 kutulia, na hakuna mhandisi atakayeupokea. Kama muda wa kusoma hautoshi, mimi ningeweka nguvu zaidi kwenye sehemu hii ya kozi kuliko nyingine zote, kwa sababu kila chanzo cha ucheleweshaji, kiwe kihisi, kichujio au hesabu za kompyuta, kinasomeka hapa kama digrii zilizoliwa.

Dawa ya digrii zilizoliwa ni sehemu ya derivativu, ambayo huitazama kasi na kuanza kuzuia mapema. Ukiweka Kp + Kd·s, Kd ikiwa ukuzaji wa derivativu, kwenye mfumo usio na kihisi, mlinganyo ni s² + (2 + 4Kd)s + 4Kp = 0. Kwa Kp = 4 na uwiano wa 0.7 tunahitaji Kd = 0.9, na muda wa kutulia unashuka hadi sekunde 1.4. Rudisha kihisi kisha ukokotoe upya: uwiano unaangukia 0.5. Usiruke ukaguzi huu wa pili, maana kidhibiti kilichobuniwa kwa mfumo uliorahisishwa hupimwa kwa mfumo kamili. Kumbuka pia kwamba derivativu hukuza kelele za kihisi, kwa hiyo inahitaji kichujio, na kichujio nacho kinakula fezi.

Mzigo ukiuvuta mhimili kwa nguvu inayolingana na volti 1, kidhibiti chenye Kp = 4 kitauacha umepotoka kwa radiani 0.25, karibu digrii 14, na derivativu haisaidii kitu kwa kuwa mhimili umesimama. Hapo ndipo integrali, inayojumlisha kosa kadiri muda unavyokwenda, inapohitajika. Ongeza Ki/s kwenye Kp = 4 na Kd = 0.9, ufanye jaribio la Routh tena ukiwa na kihisi ndani, na utapata kikomo cha Ki cha karibu 14. Anza na 1 au 2. Kanuni za Ziegler na Nichols za mwaka 1942 zingekupa namba za kuanzia kutokana na ile Kp ya 6 na ule muda wa sekunde 1.4, lakini kwa kawaida huacha mfumo ukiyumba kuliko inavyopendeza.

Mwisho, amuru mzunguko wa radiani 5 kwa ghafla huku chanzo cha umeme kikiwa cha volti 12. Kp peke yake inadai volti 20, ambazo hazipo, na wakati mota inafanya inachoweza, integrali inaendelea kulimbikiza kosa ambalo baadaye litausukuma mhimili kupita mbali na lengo. Kwenye programu ya kidhibiti andika sharti kwamba volti zikigonga kikomo, integrali isimame hadi zirudi ndani ya mipaka, halafu linganisha grafu mbili za pembe, moja yenye sharti hilo na nyingine isiyo nalo.