Jinsi ya kuianza Agents of S.H.I.E.L.D. ukaipenda, hata kama umeshasikia watu wanaiponda

Wakuu, kila nikimwambia mtu aangalie hii tamthilia ananijibu "nilisikia inaboa". Ukimuuliza umeisikia wapi anakwambia watu walisema. Watu gani, waliangalia mpaka wapi? Hajui. Sasa leo naandika hatua kwa hatua jinsi ya kuianza na jinsi ya kuyasikiliza hayo maoni ya mashabiki bila kukatishwa tamaa na bila kuhadithiwa kila kitu kabla hujafika, mana hayo mawili ndo yanawaponza wengi.

Kwanza ujue unaingia wapi. S.H.I.E.L.D. ni shirika la kijasusi la kwenye muvi za Marvel, na hii tamthilia inawafuata makachero wake. Yule Phil Coulson, yule kachero wa suti anayeigizwa na Clark Gregg, kwenye vitabu vya katuni vya Marvel hakuwepo kabisa, alitungwa kwa ajili ya muvi, akaanza kama mtu mdogo tu kwenye Iron Man ya 2008, baadaye ndo akaingizwa vitabuni. Mashabiki wakampenda mana kati ya watu wanaopaa na kurusha radi yeye alikuwa mtu wa kawaida aliyevaa tai. Alafu 2012 kwenye The Avengers wakamuua. Hapa siharibu utamu, huu ndo mlango wenyewe wa kuingilia. Watu waliumia kweli, mtandaoni wakaanzisha kampeni ya kusema Coulson yuko hai, na mwaka huohuo mwezi wa 10 ikatangazwa New York kwamba Clark Gregg anarudi na tamthilia yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kama hujawahi, angalia Iron Man, Iron Man 2, Thor na The Avengers. Ukikosa muda hiyo ya mwisho usiikose, mana swali zima la msimu wa kwanza ni kwamba huyu mtu alikufa tukamuona, sasa anatembeaje?

Ikaanza kwenye ABC, kituo cha TV cha Marekani, tarehe 24 Septemba 2013, Jumanne, na usiku huo Marekani waliangalia watu zaidi ya milioni 12. Wiki ya pili wakashuka mpaka milioni 8 na kitu. Hapo ndo maneno yalipoanza na ndo hayo unayoyasikia mpaka leo. Wengi walikaa kwenye kiti wakisubiri Iron Man apite dirishani. Hakupita. Wakapata timu ya watu 6 kwenye ndege, kila wiki kesi mpya, kifaa cha ajabu kimeibwa, wakifuate, wamekipata, haya tukutane Jumanne ijayo. Na mapumziko yalikuwa mengi katikati, unangoja wiki mbili tatu ndo uone inayofuata, arosto inageuka kuwa hasira. Nawaelewa wale watu, ila wewe huna hiyo shida, episodi zote 22 zipo, unaweza kuangalia tatu kwa usiku mmoja.

Hatua ya pili, badilisha unachokisubiri. Usiiangalie kama muvi ya mashujaa, iangalie kama ya majasusi ambao wanaishi kwenye dunia yenye mashujaa. Hawa ndo wanaofika baada ya vita, wanaokota vipande, wanaficha ushahidi, wanawadanganya waandishi wa habari. Kwenye kazi za kijasusi utamu hauko kwenye ngumi, uko kwenye nani anamficha nani kitu, na hapa kila mtu ndani ya ile ndege anaficha kitu. Angalia Coulson anavyoingia mara ya kwanza: wenzie wanaongea kuhusu kifo chake, yeye kasimama kwenye kona ya giza, anajitokeza taratibu kama steringi, alafu anaomba radhi kwamba kona ilikuwa na giza sana akashindwa kujizuia, labda taa imeungua. Unacheka. Lakini muda mfupi baadae anaondoka na mkubwa wake mmoja na daktari wanabaki wanaongea juu yake, inasemwa hatakiwi kujua kamwe. Nilirudisha nyuma hicho kipande mara mbili. Huo ndo ujasusi wenyewe, unamdanganya hadi mtu wako.

Hatua ya tatu ni uvumilivu, na nisikufiche, episodi za 2 mpaka 5 ni za kawaida tu. Ila usiziruke! Kuna kitu kinaanza episodi ya 3 ambacho unaweza kukidharau kabisa na kinakuja kurudi msimu wa 5, sasa mtu aliyeruka atabaki anauliza hiki kimetoka wapi. Kama umechoka ziangalie huku unapika, sawa tu.

Ila ya 6 usipike. Ya 6 kaa chini. Mimi niliiangalia na mdogo wangu, yeye alikuwa ameshasema hii ni ya mwisho nalala, ana bakuli la ubuyu mapajani. Fitz na Simmons, wale vijana wawili wa maabara ambao muda wote wanaongea kwa kudakizana kama ndugu, humo ndo wanatenganishwa na kioo, mmoja upande huu mwingine upande ule, na muda unakwisha. Mdogo wangu aliacha kutafuna. Akaweka bakuli chini, akasogea mpaka karibu na laptop, akawa anasema "hapana, hapana, huyu asife" kwa sauti ndogo. Inaishaje sisemi. Ila hatukulala mpaka ya 8, na toka siku hiyo yeye ndo ananipigia mimi simu kuuliza tunaendelea lini.

Hatua ya nne ndo muhimu kuliko zote: mpangilio na muvi. Kabla ya episodi ya 8 angalia Thor: The Dark World, mana ya 8 inaanza timu ikisafisha mabaki ya kilichotokea Greenwich, London. Alafu ukimaliza ya 16, SIMAMA. Hata kama vidole vinawasha. Angalia Captain America: The Winter Soldier, ndo urudi kwenye ya 17. Walivyofanya Marekani ilikuwa hivi, episodi ya 16 ikaonyeshwa Jumanne tarehe 1 Aprili 2014, Ijumaa tarehe 4 muvi ikaingia majumba ya sinema kule, Jumanne tarehe 8 ikaja ya 17. Wiki moja! Na hapo ndo utaelewa kwanini zile za mwanzo zilikuwa zinatembea polepole, walikuwa wanasubiri muvi, kuna jambo wasingeweza kuligusa kabla muvi haijatoka. Watu walioiponda mwezi wa 10 wakarudi mwezi wa 4 wakiandika vitu tofauti kabisa. Wengi lakini hawakurudi, na maneno yao ndo yamebaki.

Kwa hiyo ukisoma au ukisikia maoni, uliza vitu viwili tu: ameishia episodi ya ngapi, na aliyasema lini. Mtu aliyeishia ya 4 anakwambia ukweli kuhusu hizo 4, msikilize kwa hizo 4 basi. Mtu wa vitabu vya katuni atakuwa na malalamiko yake kwamba fulani hafanani na wa kitabuni, yana haki yake lakini kama hujasoma vitabu hayakuhusu sana. Anayekwambia msimu wa 4 ndo bora kuliko yote amefika mbali, mashabiki wengi wanasema hivyo na mimi nakubaliana nao, umegawanywa kama hadithi tatu ndani ya moja, lakini usirukie huko, hautaumia inavyotakiwa kama hujaishi na hawa watu tangu mwanzo. Tamthilia ilikwenda misimu 7, episodi 136, ikaisha Agosti 2020.

Na hatua ya mwisho ni kuwalinda wenzio. Mimi mtu mmoja kwenye grupu alinihadithia ya 17 nikiwa nimefika ya 12. Aliandika jina na alichofanya, mstari mmoja, bila onyo. Kuanzia hapo kila huyo muhusika akitokea nilikuwa siwezi kumuangalia kama wengine walivyomuangalia, nilinyang'anywa kile kitu na hakirudishiki. Ndo maana kwenye maelezo yote haya sijataja. Ukitaka kutoa hisia zako kwenye grupu anza na namba ya episodi, acha mistari mitupu kadhaa, ndo uandike. Usiweke picha, picha inaonekana kabla mtu hajaamua kufungua. Na usimwambie mtu "subiri uone fulani atakachofanya", hilo nalo ni kuhadithia.

Ukifika 17 usiandike chochote kwanza. Andika tu "nimefika 17". Sisi tulioiona tutaelewa, na tutakuuliza umekaaje.