Urojo wa Nyumbani: Somo Linaanzia Kwenye Mchuzi

Urojo, yaani mchuzi mzito wenye ukali wa Zanzibar unaoliwa na mbatata na bajia, ambao wengine huuita mbatata za urojo, huharibikia zaidi kwenye sufuria ya mchuzi kuliko kwenye karai ya bajia, kwa hiyo tutaanza na mchuzi. Vipimo hivi vinatosha watu 6.

Kwanza, menya embe mbichi 2, uzikate na uzichemshe katika maji lita moja na nusu pamoja na chumvi na kijiko kimoja cha chai cha manjano. Zikishalainika, ziponde humo humo kwa mwiko, kisha uchuje ili nyuzi zibaki kwenye chujio.

Pili, vuruga vijiko 6 vya kulia vya unga wa ngano katika kikombe cha maji baridi hadi pasibaki donge hata moja, umimine kidogo kidogo kwenye mchuzi unaochemka huku ukikoroga, kisha upunguze moto na uuache kwa dakika 15 ili harufu ya unga mbichi iishe. Ukiumimina kwa upawa, uanguke kama uji wa mgonjwa. Wapo wanaoongeza unga ili watu washibe haraka; huo, kwa maoni yangu, ni uji wa manjano tu.

Tatu, tia mbatata zilizochemshwa kando na kukatwa vipande. Ndimu hukamuliwa baada ya kuepua.

Pakua bakulini, uweke bajia za dengu, kachori na yai la kuchemsha, kisha chatne ya nazi iliyosagwa na pilipili mbichi, thomu (kitunguu saumu), chumvi na ndimu. Muhogo uliokatwa mwembamba na kukaangwa hadi ukauke unyunyizwe mwisho kabisa, mlaji akiwa ameshashika kijiko, kwa sababu ukilowa hauna tena kazi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, huku kwetu Wete msimu wa embe umepita. Nitumie nini?*
Tumia ukwaju, mwanangu. Uroweke katika maji ya moto, uukamue na uuchuje. Rangi itafifia kidogo, lakini ukali wake ni wa kina kuliko wa ndimu peke yake.

*Shikamoo Bibi. Mume wangu anasema urojo ni chakula cha Wahindi. Ni kweli?*
Marahaba. Ana haki nusu. Bajia, kachori na unga wa dengu vilikuja na Wahindi, na hata mwembe asili yake ni huko. Lakini muhogo, mbatata na pilipili asili yake ni Amerika, ukwaju ni mti wa Afrika, na chatne ya nazi ya hapa inategemea minazi yetu. Mwulize yeye anaula bila muhogo?

*Wangu umefanya madonge. Niumwage?*
Usiumwage. Uchuje, uurudishe motoni, na siku nyingine maji ya kuvurugia unga yawe baridi.